Vikombe Vitatu vya Sukari ya Mawe

"Athumani, siku utakayogandisha sukari kwa joto hili la Tabora, mimi Sefu nitajishonea gauni, nilivae, nipite nalo sokoni mchana kweupe!"

Maneno hayo aliniambia Fundi Sefu, mshona nguo wa mtaa wetu wa Ng'ambo, mguu wake ukiwa juu ya pedali ya cherehani, nami nimesimama mlangoni pake na kikombe kitupu mkononi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Wateja wawili waliokuwa wakisubiri suruali zao walicheka hadi mmoja akapaliwa. "Samli ya mama yake yenyewe imekuwa maji tangu Septemba," akasema mwenzake, "sembuse sukari!"

Naanza na kicheko hicho kwa sababu mtoto aliyechekwa siku ile leo ana stashahada ya usindikaji wa vyakula. Iko kwenye fremu ukutani, na ukiingia sebuleni kwangu huwezi kuikosa. Hakuna mjomba tajiri aliyenisomesha. Nilibeba magunia ya viazi Dar es Salaam mchana na kusoma jioni, nikafanya kazi viwandani zaidi ya miaka ishirini, kisha nikarudi nyumbani kwa hiari yangu, si kwa kushindwa. Nimejenga. Nina karakana ya kuchuja na kufungasha asali, na watu tisa wanakula kwa jasho lao na langu. Watasema najisifu. Ni kweli, najisifu kidogo, na wanaojua nilikotoka wataniwia radhi.

Ninyi wa rika langu mnaikumbuka sukari ya enzi zetu. Ilikuwa ya mgawo. Mlipanga foleni tangu alfajiri, mawe yakiwawekea nafasi wale walioenda kuswali au kunyonyesha, na ilipofika saa nne mtu alitoka kwenye duka la ushirika akapunga mkono kwamba imekwisha. Nyumbani kwetu mama aliipima kwa kijiko, kila mtu akawa na kikopo chake. Changu na cha dada yangu Hadija havikumaliza wiki. Tuliilamba ikiwa kavu, kwa kidole kilicholoweshwa mate, kisha tukanywa uji mchungu siku nne mfululizo. Asali, kwa upande mwingine, haikuwa taabu. Tabora asali ni kama maji ya mvua; mjomba wetu alikuwa na mizinga yake msituni, na chupa hazikukauka kabatini. Lakini chai ya asali ilionekana ni chai ya watu wa porini. Heshima ya mgeni ilikuwa sukari.

Kikopo cha Bibi Nyamizi kilikaa chini ya kitanda chake. Bibi alimzaa baba yangu, na alizaliwa Kwihara, kwenye njia ile ya misafara ya zamani. Baba yake alikuwa mmoja wa wapagazi wa mwisho kabla ya reli, alitembea na mzigo kichwani hadi pwani na kurudi. Safari moja alirudi na kipande cha sukari ya mawe kimefungwa kwenye pindo la nguo. Bibi alikuwa na umri wa miaka mitano. Alitusimulia kipande kile mara nyingi kuliko alivyotusimulia harusi yake: kilivyokuwa na kona kama jiwe lililochongwa, kilivyopitisha mwanga, alivyokilamba siku sita na kukificha usiku ndani ya mtungi uliotoboka. "Pipi zenu hizi zinayeyuka kwa haraka, kama zinakukimbia," alikuwa akisema. "Kile kilikaa na mimi."

Mwaka huo, mvua zilipokaribia, Bibi alilala na hakuinuka tena. Miguu ilivimba. Chakula alikirudisha. Chai aliinywa kavu, bila hata punje ya sukari, na mama alipomuuliza alisema utamu umemtoka mdomoni siku hizi. Asubuhi moja nilimpelekea maji ya kunawa, nikamsikia akimwambia Hadija kwamba kitu kimoja tu bado anakitamani, na hakipatikani.

"Sukari ya mawe nitakutengenezea mimi," nikasema.

"Wewe, mume wangu?" Bibi alikuwa akiniita hivyo, kama bibi wote wanavyowatania wajukuu zao wa kiume. "Unajua inavyofanywa?"

Nilijua nusu. Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa ametueleza kwamba chumvi ikiyeyushwa hadi maji yakashiba, ukatundika uzi ndani, chumvi huota juu ya uzi. Nikamweleza Bibi jambo hilo kwa kirefu, nikajifanya nimewahi kulifanya. Nikamwambia pia nitakakokopa sukari: kikombe kimoja kwa Fundi Sefu, kimoja kwa Mama Paulina jirani yetu, na kimoja kwa Bi Zuhura aliyepika vitumbua pembeni ya njia. Bibi alisikiliza akiwa amefumba macho. Kisha akachomoa uzi mweupe kutoka kwenye kofia aliyokuwa akiidarizi kabla hajaugua, akanipa. "Huu ni wangu," akasema. "Nenda kesho kutwa, usiende leo. Leo watu hawajatulia."

Nilikwenda siku aliyoitaja, na nikapewa. Wote watatu walinipa! Katika miezi ambayo majirani walinyimana kijiko, mimi nilirudi na vikombe vitatu vilivyojaa. Hata Fundi Sefu, alipomaliza kunitia aibu mbele ya wateja wake, aliingia ndani akatoka na kikombe changu kimejaa hadi mdomoni, hakunitazama usoni. Nilijiona nina ulimi wa dhahabu. Kwa miaka mingi baadaye, kila nilipoingia ofisini kuomba kazi, nilijikumbusha: wewe ndiye uliyekopa vikombe vitatu vya sukari wakati wa mgawo.

Tulichemsha sukari na maji hadi ikawa sharubati nzito, nyuma ya nyumba, mimi, Hadija na Paulina, binti wa Mama Paulina. Tuliulowesha uzi wa Bibi, tukauviringisha kwenye sukari, tukauanika. Tulitafuta chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Chupa ilikuwa kubwa na sharubati ilifika nusu tu, na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mtoto wa Tabora peke yake angelifanya. Nilikwenda kabatini, nikachukua asali ya mjomba, nikaimimina hadi chupa ikajaa. Nilifikiri utamu ni utamu. Paulina aliniuliza, "Una hakika?" Nikamwambia akacheze na wasichana wenzake.

Tuliiweka chupa ndani ya karai la maji ili sisimizi wasiifikie, tukaifunika kitambaa, tukaiweka kwenye dirisha la Bibi ili aione. Kila alfajiri aliuliza, "Mume wangu, imeota?"

"Bado, Bibi."

"Iache. Isiguswe."

Haikuota. Siku ya tano, ya saba, uzi ulining'inia mtupu ndani ya sharubati ya rangi ya kahawia, na hata zile punje tulizouviringishia zilikuwa zimeyeyuka. Siku ya tisa Bibi hakuuliza.

Msiba ulijaza ua wetu, na sukari haikuwepo. Mama aliinyanyua ile chupa dirishani bila kuniuliza, akautoa uzi, akamimina yote kwenye sufuria kubwa ya chai ya waombolezaji. Watu waliinywa. Fundi Sefu aliinywa, akanitazama juu ya ukingo wa kikombe. Vikombe vitatu havikurudi. Hakuna aliyenidai. Nilidhani wananihurumia, na huruma ile iliniuma kuliko kudaiwa.

Miaka ilipita. Chuoni, katika somo la sukari, mhadhiri alieleza kwamba ukichanganya asali, sukari ya kawaida hushindwa kujipanga, na hupati mawe hata ungesubiri mwaka mzima. Wenzangu waliandika. Mimi niliweka kalamu chini, nikatoka nje, nikasimama karibu na bomba la maji mpaka kipindi kikaisha.

Mwaka huu, likizo ya shule ilipofika, niliwakusanya wajukuu wa Hadija, watatu, jikoni kwangu. Sukari kilo nne mezani, hakuna foleni. Nikawaambia tunatengeneza sukari ya mawe na itachukua wiki mbili.

"Wiki mbili, babu?" Wa kwanza, Salma, alishika kichwa kama aliyeletewa habari ya msiba. "Kwenye simu kuna mtu anafanya kwa dakika moja."

"Tuiweke kwenye friji iwahi," akasema wa pili.

"Si tungeagiza tu, ikaletwa na bodaboda?"

Watoto hawa! Picha ikichelewa kufunguka kwenye simu wanadhani dunia imesimama. Lakini mikono yao ilikuwa myepesi. Waliviringisha nyuzi kwenye sukari, wakazipima kwa kijiti zisiguse chini, wakatoka jikoni wananata mpaka kwenye nyusi. Siku ya tatu nilimkamata mdogo wao, Idi, akiitikisa chupa ili "kuiamsha", nikajisikia nikisema, "Iache. Isiguswe." Sauti haikuwa yangu.

Siku ya kumi na mbili tulivunja ganda la juu na kuvuta nyuzi. Zilikuwa zimevaa mawe kuanzia juu hadi chini, yana kona, yanapitisha mwanga. Watoto waligombania kuzishika kwanza. Nikajaza vikombe vitatu, nikavaa kanzu, nikatoka kwenda kulipa.

Fundi Sefu sasa ni mzee, haoni tundu la sindano, lakini cherehani bado iko mlangoni. Nilimwamkia, nikamwekea kikombe mapajani. Alipapasa mawe yale moja moja.

"Gauni langu ulitaka la mikono mirefu au mifupi?" akauliza.

"Mirefu, mzee. Kwa heshima."

Akacheka, kisha akafuta macho. "Nitakipokea kwa sababu ni kitamu. Lakini deni kamuulize Bi Zuhura."

Mama Paulina alishatangulia mbele ya haki. Paulina alikipokea kikombe cha mama yake kwa mikono miwili, akanikumbusha kwamba aliniuliza kama nina hakika. Nilimwomba radhi, nikiwa nimechelewa miaka zaidi ya arobaini.

Bi Zuhura nilimkuta barazani, amekonda, masikio bado mazima. Nilimweleza nimekuja kurudisha kikombe cha sukari nilichokopa utotoni, na kwamba leo namaliza kuwalipa wote watatu. Hakukipokea.

"Mimi hukunikopa, Athumani. Wala Sefu, wala mama yake Paulina. Nani angekuwa na sukari ya kukupa mwaka ule? Bibi yako aliniita siku ile uliyomwambia. Akatoa kikopo chini ya kitanda. Alikuwa ameiweka akiba miezi, chai anakunywa kavu. Akasema: atakuja kwenu kukopa, mpeni hii, kila mtu kikombe kimoja, na msimwambie."

"Kwa nini asinipe mwenyewe?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema, 'Anataka kunifanyia. Nikimpa yangu, nitakuwa nimejifanyia.'"

Nilirudi nyumbani kwa miguu, kikombe cha tatu mkononi. Nilipita palipokuwa dirisha lake. Sasa pana ukuta wa matofali ya saruji na tangazo la vocha za simu. Enzi zile mtu aliweza kukufichia wema mtaa mzima ukautunza, na wewe ukakua ukidhani ni ulimi wako. Siku hizi tukimpa mtu kilo ya unga tunampiga picha kwanza. Na mimi ni mmoja wao. Picha zangu za kugawa asali ziko ukutani, jirani na stashahada.

Mdai wangu alikuwa mmoja tu, na nilijua namna moja ya kumfikishia. Niliwaita watoto wa mtaa mzima, wakaja kama kuku waliomwagiwa mtama. Nikawaambia hii ni sadaka ya Bibi Nyamizi, wamwombee kabla ya kula. Wakainua viganja vyao vinavyonata. Nikamgawia kila mmoja jiwe lake mpaka kikombe kikabaki na uzi, na hapo deni langu likaisha.

Idi alikuwa amelamba lake nusu, akalishika juu kulitazama kwenye jua.

"Babu, huyo bibi alikuwa anapenda sukari?"

"Sana."

"Sasa mbona yake aliitoa yote?"

Niliingia jikoni, nikajimiminia chai, nikainywa kavu.