Vita vya Adwa, Kama Vilivyorekebishwa Thika

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa katibu wa chama cha wanaume saba waliopigana vita vya zamani juu ya meza ya ping-pong. Tulikutana kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana katika kantini ya kiwanda kimoja cha nguo mjini Thika. Tulikunja magazeti, tukatandika blanketi la kijani juu yake ili kupata vilima, kisha tukapanga vijiaskari vya madini, kila kimoja urefu wa kidole gumba. Tuliwasogeza kwa rula na kuwaua kwa dadu. Hawa ni watu wazima ninaowasema, wenye wake, na wengine wenye mbuzi kijijini Gatuanyaga.

Vijiaskari hivyo viliachwa na Mwingereza aliyekuwa akisimamia shamba la kahawa, aliporudi kwao. Vilikuwa zaidi ya mia tatu, vimepakwa rangi kwa mkono, hata masharubu yalionekana. Vililala ndani ya sanduku la mbao pamoja na kitabu cha sheria za mchezo.

Kati yetu saba, watano tulikuwa na vyeo. Wawili waliobaki, mwenyekiti aliwaita wananchi. Kila mkutano ulifunguliwa kwa sala, na mweka hazina, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mtaa wa Ngoingwa, aliomba amani itawale duniani. Tukisema amina tunaanza kuuana. Kabla ya hapo, lakini, ilikuwa lazima nisome kumbukumbu za vita vya Jumamosi iliyopita, zithibitishwe kuwa za kweli na kutiwa sahihi.

Mwenyekiti alikuwa afisa wa wafanyakazi kiwandani, na kantini tuliipata kwa neema yake. Alikuwa na msimamo mmoja: aliongoza tu upande ambao historia inasema ulishinda. Tukicheza Isandlwana, yeye ni Wazulu. Tukicheza Waterloo, yeye ni Waingereza. "Mimi sibishani na historia," alikuwa akisema. Dadu likimkataa, alisema limeegemea mkunjo wa blanketi, akalirusha tena. Sisi tulitazama dirishani.

Ndipo ilipokuja barua kutoka Ruiru. Iliandikwa na mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, mwanamke aliyekuwa na kundi lake la watu watano. Wao walipigana kwa vizibo vya soda: vilivyozungushiwa uzi mwekundu jeshi moja, vya uzi wa buluu jeshi la pili. Aliomba mechi, na kwamba atakayeshinda akae na sanduku kwa mwaka mmoja. "Nusu ya watu wangu," aliandika, "hawajawahi kuongoza askari mwenye uso."

Mwenyekiti alikubali haraka kwa sababu barua ilimwachia achague vita. Alichagua Adwa, kule Ethiopia, ambako Wahabeshi waliwatandika Waitaliano. Yeye angekuwa Wahabeshi. Akaniambia niandike sharti la sanduku, nikaliandika.

Siku ya mechi mwalimu alifika na wenzake wawili, wamebeba katoni iliyojaa pamba.

"Ati mmekuja na katoni kabisa, madam?" mweka hazina akauliza.

"Barabara ni mbaya, mzee. Sitaki wavunjike miguu."

Kantini nzima ilicheka. Yeye pia alicheka kidogo, akavua saa yake na kuiweka kando ya meza.

Waitaliano wenyewe, siku ile ya Adwa, walitembea kwa makundi matatu yakapotezana milimani. Mwalimu alikusanya Waitaliano wake wote juu ya kilima kimoja na kukaa. Mwenyekiti aliwatuma Wahabeshi wake kikosi kimoja kimoja, mfalme akiwa mbele, kwa sababu alikipenda kile kijiaskari chenye kanzu ya dhahabu. Kufikia saa kumi mfalme alikuwa amelala chali. Saa kumi na nusu mwenyekiti aliagiza chai, akampa mwalimu mkono.

"Umefanyaje?" akamuuliza.

"Nilisoma walikosea wapi. Hapo sikukosea."

Mwalimu akasogeza katoni. Mwenyekiti akaweka kiganja juu ya sanduku na kusema litatolewa kumbukumbu zikishathibitishwa. "Ni utaratibu tu, madam. Jumamosi ijayo." Wakarudi Ruiru na pamba yao.

Niliandika kurasa mbili, kila dadu na namba yake. Jumamosi iliyofuata nikasoma. Nilipomaliza, mwenyekiti alivaa miwani.

"Mstari wa mwisho. 'Waitaliano walishinda.' Hiyo si kweli."

"Mwenyekiti, si ulimpa mkono?"

"Mkono ni adabu, bwana katibu. Mimi naulizia ukweli. Ni lini Waitaliano walishinda Adwa?"

Akatutazama mmoja mmoja juu ya miwani.

"Uliza mtoto wa darasa la saba. Sasa chama cha watu wazima kiandike kwamba Mwafrika alishindwa Adwa? Na katibu ndiye ameshika kalamu?"

"Hapo umesema, mzee," mweka hazina akaitikia. "Hiyo ni kuuza bara zima."

Makamu mwenyekiti, Mwislamu aliyeuza vipuri vya baiskeli karibu na soko, akakohoa. "Lakini mimi nilikuwa hapa. Niliona kwa macho yangu."

"Hakuna anayesema hukuona," mwenyekiti akamjibu kwa upole. "Tunasema tu kilichotokea."

Ikapendekezwa mstari usomeke kwamba matokeo yalikuwa kama yanavyojulikana na wote. Watano wakanyoosha mikono. Makamu akapinga. Mimi nilikuwa nahesabu.

Lazima niseme kazi yangu ilikuwa nini. Nilikuwa nikituma habari za Thika kwenye gazeti la Nairobi, na nilikuwa nimeandika kwa uchungu mwingi kuhusu maafisa wa uchaguzi ambao fomu zao za matokeo zilibadilika njiani. Ningependa kusema mwenyekiti alikuwa mwajiri wangu, au alinitisha. Hakunitisha. Nilitaka sanduku libaki Thika. Nilipenda yale masharubu. Nikatia sahihi.

Nilijitolea kuipeleka barua ya matokeo mwenyewe, nikidhani huo ni ujasiri. Nilimkuta mwalimu na kundi lake darasani, Ruiru, madawati yamesukumwa ukutani, wote watano wamechuchumaa. Sakafu ya saruji ilikuwa imechorwa vilima na mabonde kwa chaki za rangi, na vizibo vimepangwa safu kwa safu. Mwalimu aliisoma barua akiwa amepiga goti.

"Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Na hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu, mwalimu."

Akawageukia wenzake. "Jamani, kumbe Adwa tulipigwa."

"Vibaya?" mmoja akauliza.

"Haijasema. Katibu, tulipigwa vibaya?"

Walicheka, na hakuna aliyenikaribisha kiti. Nikaeleza kwamba wenzangu wangefurahi kuwaalika tena, vita vyovyote vile. Mwalimu akauliza kama sanduku linatumika. Nilimwambia kweli: makamu alikuwa ameacha kuja, wananchi wetu wawili wakamfuata, na tuliobaki hakuna aliyetaka kuwa upande usio wa mwenyekiti.

Aliikunja barua mara nne, akaiweka chini ya mguu wa dawati lililokuwa likiyumba, akachukua rula. Nilibaki pale mlangoni nikitafuta sentensi ya kuagia.

"Katibu," akasema bila kuinua macho, "umesimama mtoni. Watu wangu wanataka kuvuka."

Nikatazama chini. Chaki ya buluu ilipita chini ya viatu vyangu vyote viwili. Nikatoka.