Mzunguko Uliobaki

Nikiikumbuka miaka yangu ya chuo cha ualimu pale Nachingwea, kinachonijia kwanza ni ukungu. Mwezi wa sita na wa saba, mikorosho ikianza kutoa maua, ukungu ulikuwa unalala chini kabisa, juu ya nyasi za kando ya kiwanja cha ndege, na sisi wa timu ya riadha tulikuwa tunaingia ndani yake saa kumi na mbili kasoro asubuhi. Humwoni aliye mbele yako. Unasikia raba zake tu zikipiga ardhi, halafu sauti ya mtu inaanzisha wimbo wa mchakamchaka kutoka mahali usipopajua, na wengine wanaitikia. Harufu ya maua ya korosho ilikuwa tamu hadi inakereketa koo. Zipo asubuhi ambazo hadi leo sina hakika kama nilikimbia kweli au niliota nakimbia.

Mwanzishaji wa nyimbo alikuwa mwenzangu wa chumbani. Alitoka katika familia ya Wakatoliki wanaoishi jirani na hospitali ya misheni, na sauti yake ilikuwa ya kwaya, nyororo, isiyochoka. Miguu yake ilikuwa habari nyingine. Katika mbio ndefu alikuwa wa mwisho kila mara. Si mara nyingi, nasema kila mara. Alianza na tabasamu, akamaliza na tabasamu, na kati ya hapo wote tulikuwa tumeshampita na kukaa kivulini.

Mimi nilikuwa wa kwanza. Nasema hivyo bila kujisifu, maana utaona ilivyokuja kuwa. Nimezaliwa Mkotokuyana, kwa wakulima wa korosho na ufuta, na tangu darasa la tatu nilikuwa nakwenda shule kwa kukimbia na kurudi kwa kukimbia. Mama yangu, ambaye Kimwera ndicho anachowazia na Kiswahili anakitumia sokoni, nilipompigia simu kumwambia nimechaguliwa timu ya chuo, aliuliza, "Kwani nani anakufukuza?"

"Hakuna mtu, mama. Ni mashindano."

"Haya. Ujifunike vizuri."

Nikajifunika vizuri. Nilikimbia na suruali ya traksuti na hijabu fupi niliyoibana kwa pini mbili, na bado walikuwa wanakula vumbi langu.

Chuo chetu kilikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwingine. Tuliiita kusindikiza. Katika mbio ndefu, mtu wa mwisho akiingia mzunguko wa mwisho, timu nzima iliacha ilichokuwa inafanya. Warusha tufe, wasichana wa netiboli, wavulana wa mpira wa miguu wenye soksi zilizoshuka, wote waliingia kwenye majani ya ndani ya uwanja wakakimbia sambamba naye, wakiimba, hadi mstarini. Hakuna aliyejua nani aliianzisha. Mwalimu wetu wa michezo, mama mmoja mrefu tuliyemwita Madam, mwenye saa ya kupimia muda shingoni hata anapofundisha jiografia, alisema naye aliikuta.

Sikuipenda desturi hiyo. Kwangu ilikuwa kama kumwonyesha mtu kidole mbele ya watu, eti tazameni, huyu hapa ndiye aliyeshindwa. Nilisindikiza kwa sababu ni lazima, mdomo ukichezacheza bila sauti. Jumamosi moja tukifua nguo bombani nilimuuliza mwenzangu waziwazi.

"Huoni aibu?"

Akakamua shati lake taratibu. "Aibu ya nini? Nikiwasikia mnakuja, nasahau kama nina miguu."

"Mimi nisingekubali."

"Wewe hujawahi kusindikizwa," akasema, na akaendelea kukamua.

Mwaka wa pili mashindano ya vyuo vya kusini yalifanyika Ruangwa. Tulitoka Nachingwea kwenye koasta kabla jua halijachomoza, tukiimba hadi sauti zikakauka. Nje mashamba yalipita, mikorosho na mikorosho, na vilima vya buluu kwa mbali vilivyokuwa kama vinatembea nasi. Niliegemea dirisha. Nilijiona tayari nimeshavuka mstari, nimeinua mikono. Nilikuwa nimeota ushindi ule mara nyingi kiasi kwamba ulikuwa umekuwa kumbukumbu kabla ya kutokea.

Uwanja ulikuwa karibu na shule ya msingi, umechorwa kwa chokaa. Mbio zangu zilikuwa mita elfu tano: mizunguko kumi na miwili na nusu. Tulikuwa wasichana wanane, mimi na mwenzangu tukiwa wa chuo chetu. Msimamizi mmoja alikuwa na kengele ndogo ya mkononi ya kutujulisha mzunguko wa mwisho, lakini mimi sikuitazama. Nilikuwa natazama mbele.

Mizunguko ya mwanzo niliihesabu. Nakumbuka wa nne, nakumbuka wa sita, na nakumbuka kwamba wakati huo nilishakuwa peke yangu mbele. Baada ya hapo hesabu ilinitoka polepole, kama maji yanavyotoka kwenye ndoo yenye tundu. Jua lilikuwa limepanda. Kanga za kina mama waliosimama pembeni ziliungana zikawa utepe mmoja mrefu wa rangi, ukizunguka, ukizunguka. Sikusikia pumzi yangu. Mwili ulikuwa mwepesi, haukuwa wangu, na nilitamani ubaki hivyo hivyo.

Ndipo nikasikia kengele. Ilikuwa sauti ya chuma kizito, mapigo marefu. Mara watoto kwa mamia wakafurika kutoka upande wa shule, sare za buluu na nyeupe, wakakimbilia ukingo wa uwanja wakipiga kelele. Nikawaza, watu wote hawa wamekuja kuona mzunguko wangu wa mwisho. Nikatoa kila kitu nilichokuwa nacho. Nikakata upepo. Nikavuka mstari mikono ikiwa juu, kama nilivyojiona pale kwenye dirisha la koasta, nikatembea hatua chache nikajilaza chali kwenye majani.

Anga lilikuwa na wingu moja tu. Nililitazama kwa furaha ambayo siwezi kuieleza.

Uso wa Madam ukaingia mbele ya lile wingu. Midomo yake ilikuwa inachezacheza. Nilidhani ananipongeza, nikamtabasamia.

"Inuka! Bado mmoja! Bado mzunguko mmoja, mwanangu!"

"Nimemaliza, Madam."

"Hujamaliza! Ile ni kengele ya shule! Watoto wametoka mapumziko!"

Nilisikia maneno lakini hayakufika. Nikageuza shingo. Msichana wa kwanza akapita, halafu wawili wakifuatana, na sasa ndipo nikaisikia ile kengele ndogo ya mkononi, nyembamba, ya kweli. Nikajaribu kusimama, miguu ikakataa. Ilikuwa imeshaambiwa kazi imekwisha, na haikutaka habari nyingine. Wakapita wengine watatu. Nikapiga magoti, nikabaki hapo nimeshika majani, na machozi yakaanza kunitoka bila ruhusa yangu.

Mwenzangu alitokea peke yake, nyuma ya wote, kwa mwendo wake wa siku zote, kama mtu anayekwenda kisimani. Aliponifikia hakusimama. Alipunguza kidogo tu.

"Twende," akasema.

"Siwezi."

"Shosti, twende. Ni mmoja tu."

Sijui nilisimamaje. Nakumbuka nilirudi kwenye chokaa, nakumbuka mgongo wake, fulana ya kijani iliyolowa jasho, na mimi nikiufuata kama mtu anayeshikwa mkono gizani. Tulipofika kona ya kwanza nikasikia wimbo. Sikuhitaji kugeuka. Warusha tufe, netiboli, wavulana wa mpira, wote walikuwa wameingia uwanjani. Nikainamisha kichwa, nikingoja aibu ije.

Haikuja. Kilichokuja ni kishindo cha miguu mingi pembeni yangu, na joto la watu, na taratibu nikaacha kujua ipi ni miguu yangu. Wale watoto wa shule nao wakajiunga, kwa sababu hakuna mtoto anayeweza kuona watu wanakimbia na kuimba akabaki amesimama. Wakaingia na wasichana wa chuo kingine, walioshamaliza, hata medali hawajavalishwa bado. Vumbi jekundu likapanda likatufunika sote, na ndani yake jua likawa la rangi ya chai. Niliwaza kwamba tungeweza kuendelea hivyo hadi Lindi.

Zikabaki kama mita hamsini. Tulikuwa bega kwa bega. Ndipo mwenzangu akanitupia jicho, jicho la pembeni la mtu aliyepata wazo, akainua magoti na kunitoka. Nilishangaa mno. Nilijaribu kumfuata, nikashindwa. Alivuka mstari hatua tatu mbele yangu, mikono juu, akipiga vigelegele peke yake.

Mimi nikawa wa mwisho.

Tulipoketi chini tukinywa maji alinitazama kwa hofu kidogo. "Umekasirika?"

"Umeniacha!"

"Nisamehe. Nimechoka kuwa wa mwisho. Nikasema, leo nafasi imepatikana, sitaipata tena."

Tukaanza kucheka. Tulicheka hadi tukajilaza, hadi watu wa huduma ya kwanza wakaja kuuliza kama tunaumwa. Madam alisimama pembeni akitikisa kichwa, saa yake bado inahesabu, amesahau kuizima.

Mwaka ule sikupata medali yoyote, na baadaye sikupata nafasi nyingine, maana tulimaliza chuo. Nilipomsimulia mama, alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama yule msichana amekula vizuri siku hiyo. Mwaka uliofuata alimkaribisha nyumbani wakati wa korosho, wakakaa uani wakibangua, mmoja akiongea Kimwera na mwingine Kiswahili, na sikuona walipokosa kuelewana.

Siku hizi nafundisha Kilimarondo. Asubuhi huwa natoka na wanafunzi wangu kwa mchakamchaka kabla ya kuhesabiwa namba mstarini, ila zipo siku tunachelewa. Juma lililopita tulikuta nyayo za tembo zimekatiza katikati ya kiwanja, pana, zimejaa umande, zikielekea mashambani. Watoto walizisogelea kimyakimya. Mmoja akaweka mguu wake ndani ya unyayo, kisha mwingine, na mimi nikaacha filimbi ikining'inia shingoni, nikawangoja, hadi wa mwisho naye akaweka wake, na jua likafika kwenye paa la darasa.