Jina Lililoletwa na Chafya

Jina letu la mwisho ni la Kipolandi, na sisi ni Wakipsigis wa Boito ambao hata koti la kutoka Polandi hatuna. Sitaliandika hapa, maana nikiliandika tu, nusu ya Konoin itajua ni boma la nani. Ni jina refu, na shuleni mwalimu akilifikia alikuwa anakohoa kwanza.

Cha ajabu ni kwamba huko lilikotoka ni adimu. Hapa kwetu ukiliita siku ya soko watu watatu wanageuka, na mmoja wao ni Mkisii. Wa kulaumiwa ni baba yangu. Alikuwa dereva wa trekta, na mvua ikiharibu barabara ndiye aliyewafikisha hospitali kina mama walioshikwa na uchungu, wa kwetu na wa majirani waliotoka Kisii kuja kuchuma majani chai. Wengi wa watoto hao walipewa jina lake kwa shukrani. Mmoja ni fundi wa pikipiki sasa, mwingine anaimba kwaya, na wote wanalitamka vibaya kama sisi.

Lilivyofika ni hivi. Babu yangu alikuwa akichochea moto kwenye kiwanda cha majani chai, chini ya fundi wa mashine aliyekuwa Mpolandi. Vita vikuu vilimfukuza kwao, akafanya kazi ya reli huko Fort Ternan, kisha akapanda huku milimani. Hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa akila kwa babu, na wanasema alikunywa mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu, kuliko wenyewe. Kifua kilipomshika, bibi yangu ndiye aliyempelekea uji mpaka akafa. Wakamzika mteremkoni, chini ya miti nyuma ya kiwanda, na hakuna mtu wake aliyefika.

Miezi michache baadaye akazaliwa baba. Desturi yetu ni kwamba mtoto akizaliwa, wanawake wanamtajia majina ya wafu wa upande wa babake, mmoja mmoja. Akipiga chafya kwenye jina fulani, basi huyo ndiye aliyerudi. Ugoro kidogo karibu na pua haukatazwi. Wakawataja wazee wa ukoo wote, mtoto kimya. Wakarudia, kimya. Mwishowe mama mkwe wa bibi, ambaye nadhani alikuwa amechoka na anataka kwenda zake, akasema, "Hebu tumjaribu yule wa mashine, maskini, hana mtu wa kumwita." Akalitaja jina. Baba akapiga chafya, tena kwa nguvu. Mambo yakaishia hapo, kwa sababu chafya haina rufaa.

Shida ni kwamba baba alitoka na rangi ya maji ya kunde. Watu wana midomo. Wakasema uji ule ulikuwa na mambo mengine, na chafya ni hadithi ya kufunika aibu. Bibi alilibeba neno hilo mpaka kaburini. Kila alipoulizwa alieleza vilevile, bila kuongeza wala kupunguza, na wanawake wenzake wakacheka vilevile.

Jina la chafya kwa kawaida hubaki nyumbani. Baba alipokwenda kuchukua kitambulisho akaliandikisha liwe lake rasmi. "Wananitukana nalo kichinichini," alisema, "basi nitalibeba mchana." Ndivyo sisi watoto tulivyolirithi, pamoja na maneno yake. Mimi niliwahi kumng'oa msichana nywele huko kisimani kwa sababu ya kumsema bibi yangu, na mpaka leo sijuti.

Sasa, mwanangu huuza mitamba kwenye Facebook, na jina letu liko hapo wazi. Siku moja akaandikiwa na mama mmoja kutoka Polandi. Babu ya huyo mama alikuwa ndugu ya yule fundi. Kaka wa mama huyo alikufa bila mtoto, na nyumbani kwao aliyebaki na jina hilo ni yeye peke yake. Akauliza kama sisi ni damu yao. Januari akaja mwenyewe, mwanamke wa miaka kama yangu, amevaa viatu vya kupanda mlima. Alikuwa na kichupa cha kutemea mate, yapelekwe kupimwa.

Nikamtafsiria baba kutoka Kiingereza kwamba mgeni anaomba mate yake. Mzee akafurahi sana, akamshika mgeni mikono yote miwili, akamtemea mate viganjani. Kwetu mzee akikutemea hivyo amekubariki, na watu wanasafiri mbali kuyatafuta mate ya mtu wa umri wake. Mgeni akaruka, akatafuta kitambaa haraka akajifuta.

"Sasa anajipangusa nini?" baba akaniuliza. "Si ni yeye ameomba?"

"Anataka uyateme kwenye chupa, Baba. Ataangalia kama wewe ni wa damu yao."

Baba alielewa kabla sijamaliza. Kichupa kile kilikuwa kinakwenda kumuuliza bibi yangu swali lilelile, na safari hii jibu lingeaminika.

"Baba, si lazima," nikamwambia.

"Kama mama alidanganya, wacha nijue nikiwa hai," akasema. "Na kama hakudanganya, wacha wao wajue." Akatema.

Wiki zilizofuata mzee aliacha kukaa na wenzake pale kituo cha kupimia majani. Alikuwa anakwenda peke yake kupalilia kaburi la fundi, kazi aliyozoea kuifanya mara moja kwa mwaka. Mimi nilimchukia yule mama, nasema wazi. Alikuja na viatu vyake kufukua mambo ya bibi yangu, kisha akapanda ndege.

Mvua za masika zilipoanza akarudi. Alikuwa amekataa kutuma majibu kwa simu. Nikampa chai kwa sababu mgeni ni mgeni, lakini sukari sikumwekea, nikamwacha aombe. Akashika kikombe bila kunywa, akasema hakuna. Baba si damu yao hata tone.

Nikamwambia baba. Mzee alifumba macho, akasema polepole, "Mama, umesikia?" Nililia. Nilitaka kutoka nje nipige kelele mpaka watu wa mbali huko Kedowa wasikie. Bibi alisema kweli miaka hiyo yote, na wote waliomcheka wamelala udongoni kama yeye.

Kisha nikaona mgeni naye analia, na si kwa furaha yetu.

"Huyu naye analilia nini?" baba akauliza.

"Anasema pole kwa kukusumbua. Alidhani amepata watu wake. Sasa jina litaishia kwake."

Baba akamtazama muda mrefu, kama anavyomtazama ng'ombe anayesumbuliwa na kitu kisichoonekana.

"Muulize, babu yake alikuwa ndugu ya nani?"

"Ya fundi, Baba. Si unajua."

"Na fundi alienda wapi?"

Nikataka kujibu kwamba alikufa. Halafu nikakumbuka niko mbele ya nani, na wanawake walimtaja nani, na nani akapiga chafya.

"Ni wewe, Baba," nikasema.

"Basi huyu ni mjukuu wangu. Mwambie nilikuja kwa chafya, sikuja kwa damu. Mwambie mtu wao hakupotea. Niko hapa, na wenye jina langu wamejaa huko sokoni."

Nilimtafsiria yote, taratibu. Sijui Wapolandi wanaamini nini kuhusu wafu. Aliweka kikombe chini, akasogeza kiti mpaka magoti yao yakakaribiana, akamnyooshea mzee mikono yake miwili, viganja juu. Baba akavitemea mate. Mgeni akakunja vidole juu yake, na safari hii hakutafuta kitambaa.