Kibanio kwenye Mpira wa Skima

Ahimidiwe Mwenyezi Mungu, aliyeumba bahari na kila kinachopumua ndani yake, akanifikisha umri huu kumbukumbu zikiwa bado zangu ingawa magoti yameshakataa. Namshukuru kwa yote mawili. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu.

Mwanangu, nimeulizwa tena juzi, safari hii na binti wa Kiganda anayefanya kazi kwenye nyumba yenye tangi la samaki wa maji ya chumvi. "Mama, madam anataka skima mpya. Tuchukue ipi?" Swali hili nimelijibu hadi nimechoka. Leo naliandika, nipate kupumzika.

Kwa asiyeijua, skima ni chombo kinachokaa kabatini, chini ya tangi. Kinavuta hewa ya chumbani na kuipiga ndani ya maji mpaka yatoke mapovu madogo, meupe kama maziwa, na mapovu hayo hubeba uchafu wa samaki hadi kwenye kikombe cha juu. Kikombe kile hunuka, na wa kukiosha ni mimi na wewe.

Nakumbuka siku moja, nikiwa bado mgeni hapa Dubai, nimetoka Tanga sijui hata kupanda lifti, skima ya nyumba niliyokuwa nikitumikia ilikata roho. Ilikuwa nyumba ya Wazanzibari wa zamani, ghorofani, mtaa wa Oud Metha. Mzee Salim, mwenye nyumba, alikuwa mgonjwa wa nyonga, hawezi kuinama. Mkewe, Bi Zuhura, alifariki kabla sijafika. Tangi lilikuwa lake marehemu. Matumbawe yaliyomo aliyalea mwenyewe tangu yakiwa vipande vya kutosha kiganjani. Mzee akishaswali alfajiri hukaa mbele ya tangi, na usipomwita kula haondoki.

Mwanawe, Nassor, hakulipenda. Nadhani lilimuumiza kumwona baba yake amekaa pale. Alisema mbele yangu, "Baba, nanunua skima nyengine, lakini hii ndiyo ya mwisho. Yakifa haya matumbawe, khalas, tangi linatoka."

Mzee aliushika mkono wa kiti chake tu.

Tukaenda dukani, mimi na Nassor, na ile skima mbovu tumeibeba ndani ya ndoo. Muuzaji alikuwa kijana wa Kenya, mcheshi. Akaitoa, akaona kibanio cha nguo kimening'inia kwenye mpira wake wa hewa, ule mrija inaovutia hewa ya chumbani.

"Sir, hii nayo ni ya nini?" akacheka. "Kwani huko kwenu mnaanika maji?"

Tukacheka sote. Mimi nikakichomoa kibanio, nikakitia mfukoni. Nyumbani nikakirudisha barazani pamoja na wenzake.

Yule kijana akatuonyesha skima kubwa, mwili mzima plastiki ngumu, haina mpira wa nje, inavuta hewa kupitia kisanduku kilichofungwa ili isipige kelele. "Hii ni mnyama, sir. Mamaa hapa atapumzika kabisa." Nassor akaangalia sanduku lake la dukani, akaona imeandikwa kuwa inatosha tangi kubwa kuliko letu, akafurahi. Nami nilifurahi, maana niliambiwa nitapumzika.

Sikupumzika. Skima mpya hutaka siku kadhaa kuyazoea maji, na katika siku hizo hutoa povu la ovyo. Hilo ni la kawaida, mwanangu, usilichezee kila saa. Lakini yetu ilipotulia, ikawa na tabia ya ajabu. Katikati ya wiki ilifanya kazi vizuri. Ijumaa povu linaanguka, matumbawe yanajikunja, na Jumapili ndiyo yanaanza kufunguka, kidogo tu, kila wiki pungufu ya iliyopita. Moja likaanza kuwa jeupe pembeni. Nassor akaliona. "Si nilisema?" Akaanza kuulizia mtu wa kuja kulichukua tangi.

Nami nilikuwa nimeshajua Ijumaa kuna nini. Kabla ya kupelekwa msikitini, Mzee huniagiza nimwekee chetezo karibu na kiti, afukize udi. Bi Zuhura ndiye aliyekuwa akifukiza, na tangu afariki Mzee hakuacha hata Ijumaa moja. Madirisha hufungwa kwa ajili ya kiyoyozi. Moshi unajaa chumba, na lile dubwana kabatini linauvuta wote na kuukoroga majini. Ile ya zamani, kwa uchovu wake, ilikuwa ikivuta kidogo tu.

Nilikaa na jambo hilo kifuani. Utamwambiaje mfiwa kwamba udi wa mkewe ndio unaoua matumbawe ya mkewe? Niliswali, nikaomba maneno. Kisha nikaenda nikakaa chini karibu na miguu yake, nikamwambia yote.

Akageuka kulitazama tangi. Nikadhani nimefukuzwa kazi.

"Ile ya zamani," akasema, "mpira wake ulikuwa na kibanio."

"Ulikuwa nacho, Mzee. Nimekirudisha kwenye nguo."

Akafunika uso. "Kila Ijumaa nilikuwa nikimwona anainama pale kabatini kabla hajashika chetezo. Kila Ijumaa! Nikidhani anaokota kitu, kumbe anaubana mpira usivute moshi. Mtu nimelala naye nyumba moja umri mzima, sikumuuliza siku moja, wewe Zuhura, unafanya nini hapo?"

Nassor alikuwa amesimama mlangoni. Mzee akamgeukia, na sauti yake haikuwa ya ukali, ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Nanyi mmekwenda dukani mkachagua skima ya tangi. Hamkuchagua ya nyumba hii."

Utaniambia, si wangezima umeme tu? Swichi ilikuwa nyuma ya kabati, na lile dubwana kila ukiliwasha tena lilifurika hadi zuliani. Aliyefuta zulia ni mimi, kwa hiyo najua.

Tukarudi dukani. Safari hii hatukutazama sanduku. Tulichukua ndogo, inayolingana na samaki wetu wachache, inayoingia kabatini na kuacha nafasi ya kutoa kikombe, na yenye mpira laini wa hewa. Nikamwomba yule kijana mpira mrefu zaidi.

"Mrefu wa nini tena, Mamaa?"

"Ufike kwenye kiti cha mzee."

Hakucheka. Alikata mpira, akaupima kwa mkono wake mwenyewe.

Ijumaa iliyofuata nilileta chetezo kwa mkono mmoja na kibanio kwa mwingine. Mzee akasema Bismillahi, akaubana mpira uliotokeza pembeni ya kiti chake, akangoja povu lishuke, ndipo akatia udi kwenye makaa. Moshi ulipokwisha na mlango wa baraza kufunguliwa, akakiondoa kibanio. Tumbawe lile jeupe halikupona. Mengine yalifunguka. Tangi halikutoka nyumbani mpaka Mzee alipotoka yeye, na hadi Ijumaa yake ya mwisho kazi ile hakumwachia mtu.

Basi mwanangu, skima yoyote wanayokuuzia, usianze na ukubwa wake. Angalia samaki ulio nao, siyo unaowaota. Pima kabati. Kumbuka mkono utakaoosha kikombe kila siku. Kisha uliza nyumba inavuta hewa gani: wanafukiza, wanapuliza manukato, wanakaanga? Na kabla hujaitupa ya zamani, itazame vizuri, umtafute aliyekuwa akiitunza umuulize alikuwa akiifanyia nini. Akiwa hai, muulize leo.

Nimechoka, naishia hapa. Wewe unayesoma, Mungu akupe nyumba yenye hewa njema, akubakishie wazee wako muda wa kutosha kuwauliza, na siku ukiinama kwa kazi isiyoonwa na mtu, Yeye aione, akuandikie. Amin.