Gari Lililokataa Umeme wa Mzee Melki

Mzee Melkizedeki hajui kukaa. Ukimkaribisha kiti anakishika mgongo na kuongea amesimama, macho yakipanda ukutani kufuata nyaya. Amefunga umeme nyumba thelathini na moja mtaani kwetu, huku juu ya ziwa Kindai, na idadi hiyo atakutajia bila kuulizwa. Kumkosoa ndiyo kabisa, huthubutu. Ni jirani yangu, nampenda, na mara nyingi ananichosha.

Mwezi wa sita, Jumamosi asubuhi, binti yake Witness alifika kutoka Dodoma na gari la umeme. Dogo, jeupe, halina mngurumo. Watu tukajaa getini kama kuna msiba. Mzee akalizunguka mara nne, mikono nyuma.

"Baba, nimefika na chaji kidogo sana," Witness alisema. "Naomba nichaji hapa, kesho niondoke."

"Chomeka, mwanangu. Umeme wa nyumba hii nimeufunga mwenyewe."

Akachomeka. Kwenye kifaa cha kuchajia ikawaka taa nyekundu. Akachomoa, akachomeka tena. Nyekundu.

"Inasema hakuna ethi," Witness alisema, akisoma simu yake.

Ethi, kwa asiyejua, ni waya unaotoka ndani ya nyumba na kushuka kwenye rodi ya shaba iliyozikwa ardhini. Umeme ukivuja unapita huko na kuingia udongoni, badala ya kupita mwilini mwako.

"Ethi ipo!" mzee aling'aka. "Umeuziwa kimeo, mwanangu."

Tukalisogeza kwangu. Nyekundu. Tukalisogeza kwa Mughwai, nyumba ya tatu. Nyekundu. Mwishowe Witness alilipeleka taratibu mpaka gesti mpya ya kule barabarani, iliyofungwa umeme na fundi kutoka Manyoni. Alipochomeka tu, kijani.

Wengine walishangaa. Mimi nilijua. Mtaa wetu umekaa juu ya mwamba. Rodi ina futi nne, ukiigonga nyundo inashuka shubiri moja halafu inagoma. Inabidi uhamie pembeni ujaribu tena, na tena, hata siku nzima. Mzee Melki yeye alikuwa anachukua msumeno wa chuma. Ikishakatwa na kufukiwa, kwa juu huoni tofauti. Najua kwa sababu ya kwangu nilimshikia mwenyewe wakati anaikata. Nilikuwa nahamia na mke wangu Kristina, nikataka taa ziwake jioni ile ile. Mzee aliniuliza, "Mwalimu, tukate?" Nikamwambia, "Kata."

Witness aliondoka Jumapili, na baba yake akaanza kutembea. Jumatatu nilimhesabu akipita mbele ya nyumba yangu mara sita, hana anakokwenda. Mkewe Rebeka alinifuata akiwa na wasiwasi.

"Mwalimu, zungumza na mwenzako. Chakula hali. Anazunguka ua mzima kama kuku anayetafuta pa kutagia."

Nizungumze naye nini? Mimi mwenyewe sikuwa na raha. Kristina akigusa pasi, moyo unanilipuka. Siku moja nilimpigia kelele aache, akaniuliza nina nini, nikasema hakuna kitu. Tukikutana njiani, mimi na mzee tulisalimiana haraka na kupishana. Akisema, jina lake la ufundi limekwisha. Asiposema, tunasubiri mtu afe.

Alhamisi tulikuwa dukani. Mama Saada, mjane anayeuza barafu, alikuwa anasimulia huku anacheka. "Friji langu linang'ata jamani! Saada simruhusu kulifungua mpaka avae ndala."

Watu wakacheka. Mzee Melki aliacha sukari yake kaunta akatoka bila kuaga.

Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwa Mama Saada na sululu, nyundo na rodi mpya. "Mama Saada, rodi yako niliikata. Haifanyi kazi. Naomba nichimbe upya."

Mwanzoni hakuelewa. Alipoeleweshwa, alimvuta binti yake kifuani na kupaza sauti mpaka mtaa mzima ukasikia. "Mwanangu, Melki! Ungekuja kumzika wewe?"

Mzee alishika sululu. Alichimba, akagonga mwamba, akahama, akachimba tena, mpaka alasiri alipopata udongo nyuma ya jiko. Kufikia hapo habari ilikuwa imeenea. Wengine walimkataza asikanyage kwao, wakampigia simu fundi wa Manyoni.

Kwetu alikuja Jumamosi. Kristina alisimama mlangoni, mikono kifuani.

"Mzee, shikamoo. Sisi ni majirani zako, umetufanyia hivi kweli? Mume wangu angejua, asingekubali hata kidogo."

Mzee alinitazama mara moja tu, kisha akainamisha macho kwenye sululu.

"Marahaba. Hakujua, mama. Kosa ni langu peke yangu."

Mdomo ninao. Kila siku nawaambia watoto sitini darasani waseme kweli. Niligeuka nikaingia ndani kumletea maji ya kunywa. Aliyanywa amesimama, akanirudishia kikombe, akaanza kuchimba, na kila nyundo ilipogonga mwamba niliona aibu. Kristina hadi leo anamlaumu yeye. Akisoma hapa, ajue kwamba rodi niliishika mimi.