Mkufu wa Isale

Mwaka wangu wa kwanza wa ndoa nilikuwa na hakika kwamba hakuna kitu duniani kisichoweza kuvaliwa. Nilikuwa na kibanda Majengo, na humo nilitengeneza bangili kwa waya wa simu, mikufu kwa buni, hereni kwa vifuniko vya soda. Milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa, mapambo ya plastiki yakiingia kwa magunia kupitia mpaka wa Holili, nami kwa kiburi changu niliwaambia wateja kwamba yale ni ya kila mtu, yangu ni ya wenye macho. Wenye macho hawakuwa wengi.

Mama mkwe, aliyeishi Masama, kule mlimani, kwenye kihamba chake cha kahawa na migomba, hakuwa mmoja wao. "Umeoa msichana anayeokota," alimwambia mume wangu nikisikia. Hakunichukia. Ila kwa wageni alinitambulisha kama "yule wa mjini," kana kwamba nilipita pale kuulizia njia. Mimi nilitaka kuitwa mkwe. Nililitaka neno hilo mpaka nikajionea aibu.

Basi Krismasi ilipofika, tukapanda mlimani kama kila mtu, nikaamua kumtengenezea mkufu wa kumfunga mdomo. Mimi ni mtoto wa Majengo, wazazi wangu walitoka Singida. Mlima niliujua kwa kuutazama tu, mila zake sikuzijua. Lakini kwenye uzio wa kihamba nilikuwa nimeona isale, mmea wenye majani marefu, magumu, ya kijani kinachong'aa. Nilichuma machache kimyakimya, nikajificha nyuma ya banda la ng'ombe, nikayachana, nikayasuka, nikafunga fundo moja kubwa katikati na buni tatu kila upande. Nilikipenda kitu kile. Nilijipongeza kwa sauti.

Siku ya sikukuu, tulipotoka kanisani, nikapiga magoti mbele yake, nikaunyoosha mkufu kwa mikono miwili. "Shikamoo mama. Nimekuletea."

Mama mkwe akaweka chini sahani yake ya kiburu cha ndizi na maharage.

"Mae! Umefanya nini?"

"Nimeusuka mwenyewe, mama."

"Sikuulizi umesuka nini. Nakuuliza umekosa nini."

Baba mkwe ndiye aliyenihurumia. Akanieleza kwamba kwao, jani la isale lililofungwa fundo huletwa na mtu aliyekosa, anapokuja kuomba msamaha, na anayeletewa hana ruhusa ya kukataa. "Kwa hiyo umeshasamehewa," alisema kwa upole. "Sasa tuambie tu kosa." Watu wakasogeza vigoda.

Nikaanza kutafuta dhambi. Nikasema nilichuma majani bila ruhusa. Mama mkwe akasema mtu haleti isale kwa ajili ya isale. Nikasema nilisinzia wakati wa mahubiri. Akasema hilo ni la Mungu, hilo nimalizane naye mwenyewe. Mume wangu akaanza kunitazama kwa jicho ambalo sikulipenda hata kidogo.

Chai ndiyo iliyoniumbua. Birika la aluminiamu likaletwa, limefunikwa kwa kisosi, na mama mkwe alipolishika tu akaanza kumsema jirani yake. Mwezi wa nane jirani huyo aliazima birika kwa sherehe ya kipaimara, na tangu lirudi mfuniko haujaonekana. Jirani aliapa kwamba aliurudisha. Tangu hapo hawakusalimiana, na kanisani kila mmoja alihamia upande wake.

Masikio yangu yakapata moto. Yalikuwa yamevaa hereni nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza, nilizozikata kwa mkasi wa bati kutoka kwenye kipande cha aluminiamu nilichookota mwezi wa tisa, tulipokuja kuwasalimia, karibu na banda lile lile, kimekanyagwa na ng'ombe. Hata tundu la kishikio nililiona. Nililifurahia, maana liliniokolea nusu ya kazi ya kutoboa.

"Mama," nikasema, "mfuniko ninao."

"Uko wapi?"

Nikashika masikio.

Baba mkwe alicheka mpaka akapaliwa na chai. Mama mkwe hakucheka. Alinijia, akashika sikio langu la kushoto, akaligeuza kwenye mwanga kama anayekagua mbuzi wa mnadani. Kisha akakaa. "Miezi minne simsalimii," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. Niliona haya, haya ya kweli, si ya kuigiza.

Akainuka, akachukua mkufu wangu. Baba mkwe akamwambia akate jani jipya, hilo limeshatumika. "Hili limesukwa vizuri," akajibu, akapotelea kwenye migomba kuelekea kwa jirani.

Jirani hakuwa na ruhusa ya kukataa, na wala hakukataa. Ila Jumapili iliyofuata aliuvaa mkufu ule kanisani, juu ya gauni la kola, ili usharika wote ujue kwamba kuna mtu alimkosea. Aliyeuliza alisimuliwa kuanzia kipaimara.

Siku ya kurudi mjini mama mkwe alinikuta nikifunga mizigo. "Leta mfuniko wangu," akasema. Nikazivua hereni, nikampa, nikijua nimezipoteza. Akazivaa palepale, akatikisa kichwa kusikia kama zinalia.

Birika linafunikwa kwa kisosi hadi leo. Na mtu akimsifia hereni zile, hujibu bila kumtazama: "Hizi? Aliniibia mkwe wangu."