Mkaa Ndani ya Tangi

Baba yangu chai huinywa na majani yake, lakini petroli huichuja mara mbili. Majani ya chai huyatema pembeni, hana habari nayo. Ila mtu asithubutu kumimina mafuta kwenye tangi la pikipiki yake bila kitambaa juu ya faneli. Kitambaa chenyewe ni kipande cha kanga ya mama, kimefuliwa mpaka maua yamefutika, na kina msumari wake maalumu ukutani. Petroli tunayonunua sisi huku Endabash ni ya chupa za maji zilizopangwa kwenye meza kando ya barabara, na kila gari likipita linaziongezea vumbi jekundu. "Mnauziwa udongo wenye harufu," baba husema, kisha ananunua chupa mbili.

Pikipiki hiyo ilifika nyumbani nikiwa darasa la pili. Baba alikuwa mwinjilisti, akizunguka nayo vijijini, Biblia ameifunga nyuma kwa mpira. Siku hizi amestaafu, lakini wagonjwa hawajastaafu, kwa hiyo bado anakwenda kuwaombea. Tangi limeota kutu kwa ndani, ndiyo maana hageuzi koki kwenda rizevu hata iweje, maana mafuta ya chini kabisa ndiyo yanayolalia uchafu. "Jungu kuu halikosi ukoko," atakuambia, "na ukoko huo ukiingia kwenye kabureta, utasukuma mpaka Karatu."

Mimi nilitaka iuzwe. Nasema wazi. Napika kwenye hoteli ya watalii Karatu mjini, na kila mvua ikinyesha nilikuwa namwona baba akilini kwenye ule mteremko wetu wa utelezi, na miaka yake hiyo. Kaka yangu, ambaye anaendesha watalii kule kreta penye wanyama, tulikuwa naye neno moja. Tukamweka baba kitako, tukamsema mpaka akachoka. Mwishowe akatoa ahadi: "Ikinizimia njiani mara moja tu, iuzeni." Haikuwa imemzimia kwa miaka mingi, shauri ya kile kitambaa. Nami, Mungu anisamehe, nikaanza kuingoja siku hiyo.

Kila mwaka mvua zikikatika, tangi linafunguliwa na kuoshwa. Baba analitia changarawe na maji ya sabuni, anaziba mdomo, halafu kazi ya kutikisa ni ya mama. Mama amekua akisukasuka maziwa kwenye kibuyu, na mkono kama wake hatuna. Mwaka huu nilikuwa likizo, nikamshuhudia ameketi uani, tangi limelala mapajani juu ya shuka, analipeleka na kulirudisha taratibu, changarawe zinaimba. Baba akawa anapita kila dakika kuuliza, "Siagi bado?" Mama akamwambia akalete kibuyu chake mwenyewe. Walisuuza mpaka maji yakatoka meupe, wakaliweka juani likauke. Nikarudi mjini nimefurahi, nimewasahau.

Jumapili iliyofuata kaka akanipigia simu. Pikipiki imezima mlimani, baba ameisukuma mpaka pikapu ya mahindi ikamwonea huruma, wakapakiwa wote wawili. Mchana huohuo tukawa nyumbani. Kaka hata hakuketi. "Neno la baba ni neno," alisema, na mnunuzi alishampata. Baba alikuwa kwenye kigoda chake, koti bado mwilini. Mama hakutuletea chai, jambo ambalo sijawahi kuliona tangu nizaliwe.

Nikaomba niitazame kwanza. Nilifunga koki, nikafungua kikombe cha kabureta, nikamwaga kilichomo kwenye bakuli. Uchafu wa huku ni mwekundu, na kutu nayo ni nyekundu. Huu ulikuwa mweusi, laini, ukiusugua unateleza vidoleni. Mtoto yeyote aliyelelewa huku anaujua. Tunachoma kijinga cha mzeituni wa porini, tunausugua mkaa wake ndani ya kibuyu kilichooshwa, ili maziwa yasiharibike na yanukie. Nikamtazama mama. Mama akatazama miguu yake.

Halafu nikaona jambo la pili. Lile chujio dogo la plastiki linalokaa kwenye mpira wa mafuta halikuwepo. Mtu alikuwa amelichomoa.

Kabla sijafungua mdomo, baba akasema, "Nilimimina bila kuchuja. Haraka za kanisani. Kosa ni langu, iuzeni tu."

Ulikuwa uongo wa kwanza kuusikia kinywani mwake, na aliusema vibaya, macho kwenye paa. Naungama kwamba nilinyamaza. Nilichokitaka kilikuwa mkononi, baba hatapanda tena ule mteremko, na mimi sikutakiwa kufanya lolote ila kufunga mdomo.

Mama ndiye aliyesimama. "Mkaa niliweka mimi," alisema. Alisema tangi lilikuwa bado linanuka kutu hata baada ya kusuuzwa, likamkera. Nani anaacha chombo kilichooshwa bila kukitia mkaa? "Si kwa moto, sina wazimu. Niliusaga ukiwa umepoa."

Kaka akaangua kicheko, kisha akamwona baba hacheki, akakimeza.

Baba aliingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa chujio. Lilikuwa jeusi tii. "Nililiona palepale mlimani," alimwambia mama. "Sikutaka watoto wakucheke."

"Na pikipiki yako?"

"Pikipiki ni chuma, mama."

Niliona haya mbele ya wazazi wangu kuliko siku yoyote. Nikamwambia kaka ampigie mnunuzi amwambie hakuna kitu. Akaniuliza, na neno la baba je? Nikamjibu kwamba haikuzima yenyewe, ililishwa mkaa, na kesi hiyo haimo kwenye ahadi. Kaka alikuwa na hasira na kicheko kwa pamoja, lakini simu aliitoa.

Jioni hiyo tulilishusha tangi tena. Mama akatikisa, hakuna aliyeulizia siagi. Kaka alipuliza kabureta mpaka mashavu yakamuuma. Mvua naziogopa bado, sitadanganya, na mteremko haujapungua. Lakini ilipofika zamu ya mafuta nilishika faneli mwenyewe, mama akatandika kipande cha kanga yake juu, na baba akamimina mara ya kwanza, kisha ya pili.

"Chuja tena," mama alisema kwa sauti ndogo.

Baba akayarudisha mafuta kwenye chupa, akachuja mara ya tatu.